Tarumbeta Langu na Alama 880

Waswahili husema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Methali hii nimeitumia katika insha nyingi, hata mwalimu wangu alipata kuandika pembeni kwa wino mwekundu, "Umeichosha." Lakini maana yake sikuijua mpaka mwaka huu wa 2025, na aliyenifundisha hakuwa mwalimu wa Kiswahili. Nataka kuwasimulieni habari hiyo, kwa kuwa najua wamo wenzangu humu shuleni wenye kipaji cha muziki na alama ndogo darasani, nao hujiuliza swali nililojiuliza mimi: Je, mtu apigaye ala vizuri lakini akaanguka katika mtihani, chuo kitampokea?

Kwanza nijieleze. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, na umri wangu ni miaka 19. Kwetu ni chini ya mlima Elgon, upande wa Mbale, na baba yangu ni mkulima wa kahawa. Nilipoingia shule hii nilikuwa sijapata kushika tarumbeta. Ngoma nilizijua, maana kwetu kila mwaka wa shufwa, vijana wanapoingia jandoni, ngoma za kadodi hulia mchana kutwa njiani, na hakuna mtoto asiyezifuata. Lakini tarumbeta nililiona mara ya kwanza mikononi mwa vijana wa bendi ya shule, siku ya Misa ya kufungua muhula. Jua lilikuwa likimulika ile shaba, nami sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Basi nikaenda kwa Bruda anayetufundisha bendi. Mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kung'arisha matarumbeta ya wakubwa kwa kitambaa na kubeba viti. Mwaka wa pili nikapewa tarumbeta moja kuukuu, kibonyezo chake cha tatu kinakwama. Mwaka wa tatu nikawa mpigaji wa kwanza, na tangu hapo sijashuka. Bendi yetu hualikwa harusini, mazishini, na sikukuu ya Uhuru tarehe 9 Oktoba. Nikipiga, akina mama hupiga vigelegele, na wazee hunitia noti ya shilingi elfu mfukoni. Darasani mambo yalikuwa mengine. Sikuwa wa mwisho, lakini aliyenitafuta katika orodha alianzia chini.

Nilipokuwa kidato cha tano Bruda alituambia kwamba Marekani kuna vyuo vya muziki mtupu, ambako mtu husoma ala yake miaka minne na kupewa shahada. Sikulala usiku ule. Nikasikia pia kwamba kila atakaye chuo cha Marekani sharti afanye mtihani uitwao SAT. Maneno hayo niliyapata kwa wenzangu bwenini, wala sikuuliza zaidi. Nikampelekea Baba habari. Ada ya mtihani huo kwa sisi tulio nje ya Marekani ilizidi dola 100, yaani kama shilingi laki nne za Uganda. Baba hakuwa na fedha hizo. Alikopa katika chama chao cha akiba, kwa ahadi ya kulipa kahawa itakapovunwa.

SAT ni mtihani wa zamani, ulianza mwaka 1926. Siku hizi hufanywa kwa kompyuta. Una maswali 98, na muda wake ni saa mbili na dakika 14. Sehemu ya kwanza ni kusoma na kuandika Kiingereza, na ya pili ni hesabu. Kila sehemu ina vipande viwili, na kipande cha pili hubadilika kufuata jinsi ulivyojibu kile cha kwanza. Mimi hilo sikulijua. Nilisafiri usiku kwa basi mpaka Kampala, zaidi ya kilomita 200, nikafanya mtihani Oktoba 2024 nikiwa na usingizi machoni. Kipande cha kwanza kilinitoa jasho. Nilipofika kipande cha pili nikaona maswali ni mepesi. Nikafurahi! Nikasema moyoni, "Leo nimeuweza." Baadaye ndipo nilipojua kwamba anayejibu vibaya kipande cha kwanza hupewa kipande cha pili kilicho chepesi, na alama za wepesi huo haziwezi kupanda juu.

Majibu yakaja. Nimepata 880: kusoma na kuandika 400, hesabu 480. Alama za juu kabisa ni 1,600, na wastani wa wanafunzi wa Marekani ni 1,000 na ushei.

Nilipokwenda nyumbani Desemba, Baba aliniuliza. Nikamwambia, "Nimepata 880 katika 1,600." Baba ni mtu wa mizani, amepima kahawa maisha yake yote. Akahesabu kidogo, akasema, "Hiyo ni zaidi ya nusu. Umepita!" Akanishika mkono kama mtu mzima mwenzake. Sasa, ndugu zangu, jambo ambalo Baba hakulijua ni kwamba katika SAT hesabu haianzi sifuri. Kila sehemu huanzia 200, kwa hivyo hata mtu asiyepata swali moja hupewa 400. Mizani ile ilikuwa na jiwe juu yake kabla kahawa haijawekwa. Mimi nililijua hilo, nikanyamaza. Kesho yake pale wanapopimia kahawa nilimsikia akiwaambia majirani, "Mwanangu amepita mtihani wa Amerika." Wakanipongeza. Nami nikazipokea pongezi zao.

Niliporudi shuleni mwezi wa Februari nilikuwa na mzigo moyoni. Nikaenda maktaba kwenye kompyuta, nikatafuta kama yuko mtu aliyepata alama kama zangu akapokewa. Niliyoyakuta nayaandika hapa, maana yatamfaa mwenzangu.

Vyuo vya Marekani si namna moja. Kwanza kuna vyuo vya muziki mtupu. Juilliard cha New York, ambacho mwanzo wake ni shule iliyofunguliwa mwaka 1905, kwa kawaida hakimdai mwombaji alama za SAT. Wanachotaka ni kumsikia. Curtis cha Philadelphia kilianzishwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1928 hakimtozi mwanafunzi ada ya masomo. Lakini wanafunzi wake wote hawafiki 200, na watoto wa dunia nzima wanagombea nafasi hizo.

Namna ya pili ni shule za muziki zilizo ndani ya vyuo vikuu. Humo mara nyingi kuna milango miwili, na sharti mtu apite yote. Chuo Kikuu cha Indiana ni mfano: shule ya muziki inakusikiliza, na chuo kikuu nacho kinakutazama masomo yako. Oberlin, katika jimbo la Ohio, kina shule ya muziki tangu mwaka 1865, na anayetaka shahada mbili kwa pamoja, ya muziki na ya masomo mengine, kwa miaka mitano, lazima akubaliwe na pande zote mbili.

Namna ya tatu ni vyuo vikuu vya jumla, ambako muziki ni somo moja kati ya mengi. Huko habari ya mtihani imebadilika mara nyingi. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, vyuo vingi viliacha kudai SAT. Chuo Kikuu cha California kiliamua mwaka huo kuuacha, na tangu mwaka 2021 hakiutazami tena katika kupokea wanafunzi. Lakini MIT waliurudisha mwaka 2022, na Harvard wakatangaza mwaka 2024 kwamba wanaurudisha. Kwa hivyo asidanganyike mtu kwamba mtihani umekufa. Kadhalika viko vyuo visivyoudai mlangoni, lakini hugawa misaada ya fedha kwa kutazama alama.

Niliposoma habari za ile namna ya kwanza, nilitoka maktaba nikiruka. Nikawaambia wenzangu, "Mtihani si kitu! Wao wanataka tarumbeta tu." Nikaanza kuzembea katika masomo ya jioni. Nikasoma pia habari za Hugh Masekela wa Afrika Kusini, nikazishika kama hirizi. Yeye alizaliwa mwaka 1939, akasoma shule ya misheni kama sisi, St Peter's ya Johannesburg. Padre Trevor Huddleston alimpatia tarumbeta, na bendi ya vijana wale ilipelekewa tarumbeta jingine kutoka Marekani na Louis Armstrong mwenyewe. Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, Masekela alitoka nchini kwao akaenda London, kisha akaingia Manhattan School of Music huko New York. Nikasema, "Yule na mimi ni mamoja. Misheni, tarumbeta, Padre, Bruda." Kijana akishiba sifa huona ndugu zake kila mahali.

Mwezi wa Machi ikafika siku ya wanafunzi wa zamani. Wengi mnaosoma gazeti hili mlikuwapo. Bendi ilipiga uwanjani, nami nikapiga peke yangu kipande cha mwisho cha tamasha la Haydn la tarumbeta, kile cha mbio. Haydn alilitunga mwaka 1796 kwa ajili ya mpigaji mmoja wa Vienna, Anton Weidinger, aliyekuwa na tarumbeta la namna mpya yenye funguo. Nilipokwisha, makofi yalivuma. Wazee walinizunguka. Mmoja tu hakupiga makofi sana. Alikuwa mzee mwembamba, mwanafunzi wa hapa zamani, aliyestaafu baada ya kupiga tarumbeta miaka mingi katika bendi ya polisi. Bruda akanipeleka kwake.

Nikasema, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Bruda ananiambia una swali."

"Ndiyo, Mzee. Nataka kuomba chuo cha muziki Marekani, lakini katika mtihani wao nimepata 880. Je, watanikubali?"

Hakunijibu. Alisema, "Twende mahali penye kimya." Tukaingia kanisani, watu wakiwa wameshakwenda chakulani. Akaketi benchi la nyuma kabisa. "Nimesikia kile cha mbio. Sasa nipigie kipande cha katikati."

Kipande cha katikati cha tamasha lile ni cha polepole. Noti zake ni chache, na mtoto wa mwaka wa pili anaweza kuzisoma. Mimi sikupata kukipiga mbele ya watu, kwa kuwa harusini hakuna anayekitaka. Nikaanza. Sentensi ya kwanza nikaikata katikati kuvuta pumzi. Ya pili nikaikata pia. Noti ndefu ya mwisho ikaanza vizuri, kisha ikashuka, ikashuka, kama tairi linalovuja. Kanisa letu lina mwangwi, kwa hivyo kila kosa nililisikia mara mbili.

Mzee akaninyamazia kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwasikiliza vijana wanaotaka kuingia bendi. Walikuja wenye vyeti na wasio na vyeti. Kile cha mbio hakikuniambia kitu, maana kila kijana hujifunza kitu kimoja cha mbio. Niliwapa cha polepole. Wewe vidole vyako vinakimbia ili watu wasisikie kuwa huna pumzi."

Nikaona haya, na kwa haya nikajitetea. "Lakini Mzee, Hugh Masekela naye alitoka shule ya misheni kama hii."

"Ndiyo. Naye alisikilizwa, na waliomsikia wakasikia kitu. Wewe nani amekusikiliza, mbali na maharusi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, wala hakuwa mkali. "Unaniuliza habari ya 880. Hiyo si habari mbaya uliyo nayo. Hiyo ni habari ya kweli, nawe huipendi kwa kuwa hujazoea kuambiwa kweli. Mtihani ule ulikupa namba. Tarumbeta lako hakuna aliyelipa namba, umelipewa vigelegele tu. Huko unakotaka kwenda watalipa namba siku ya kwanza."

Alipoondoka nilibaki kanisani. Nikaikumbuka ile methali niliyoichosha. Miaka mitatu nilikuwa nikisifiwa, na miaka hiyo mitatu tembo langu lilikuwa likitiwa maji, na mtiaji ni mimi mwenyewe.

Tangu wiki ile nimebadili mazoezi. Kila siku kabla ya Misa ya asubuhi hupiga noti ndefu tu kwa dakika 20, nikitazama mshale wa saa ya ukutani. Mwanzo noti moja ilinifikisha sekunde 11 bila kutetemeka. Leo nafika 24. Bruda amenipatia kitabu kikubwa cha mazoezi cha Arban, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1864 na ambacho wapigaji tarumbeta wanakitumia mpaka leo. Rafiki yangu wa ngoma hukaa nami Jumamosi akinipigia mapigo kwa kijiti juu ya dawati, maana aligundua kwamba ninaposhikwa na furaha ninaharakisha. Yeye ni wa kwetu, amekulia katika kadodi, na mapigo yake hayasogei. Mara kwa mara husimama akasema, "Umeniacha tena." Zamani ningekasirika.

Lakini lile jambo la Baba lilikuwa bado. Mwezi wa Mei nilipokwenda likizo, Baba alinipokea kwa habari njema: chama kimekubali kumkopesha tena, ili nilipie hatua inayofuata. Jioni ile tulikuwa tumekaa nje, yeye akichagua mbegu. Nikamwambia, "Baba, ule mtihani sikupita." Nikamweleza habari ya 400 za bure, na kwamba nilizijua Desemba.

Akaendelea kuchagua mbegu. Baada ya kitambo akauliza, "Majirani nao niliwaambia uongo?"

"Uongo ni wangu, Baba."

"Lakini mdomo ulikuwa wangu." Akanyamaza tena. Naapa kwamba ukimya ule ulikuwa mzito kuliko mtihani. Kisha akauliza, "Na hilo tarumbeta, umepata ngapi?"

Nikasema, "Halijapewa namba, Baba. Mzee mmoja alinisikiliza, akaona ni kidogo. Tangu hapo najaribu kuongeza."

"Lilete."

Nikalileta, nikampigia kile kipande cha polepole, pale penye migomba. Baba hajui noti hata moja. Nilipomaliza akasema, "Pale karibu na mwisho uliishiwa pumzi." Kweli, nilikuwa nimeishiwa. Nikacheka, naye akacheka kidogo. Asubuhi yake alikwenda kwa majirani peke yake. Sikuambiwa alisema nini, lakini tangu siku hiyo wananiuliza habari za tarumbeta, hawaniulizi habari za Amerika.

Tulikubaliana hivi. Fedha za chama hatutazitumia kuurudia SAT, kwa sababu vyuo viwili nilivyovichagua haviudai. Tutazitumia kwa ada ya kuomba, na kwa nauli ya kwenda kwa yule mzee mara moja kwa mwezi, ambaye amekubali kunisikiliza bila malipo. Kwanza hupelekwa picha za video za mtu akipiga, na wanaopita chujio hilo ndio wanaoitwa kusikilizwa, kati ya Januari na Machi. Mwisho wa kupeleka, katika vyuo vingi, ni tarehe 1 Desemba. Wenzangu wa kidato cha sita mnajua maana yake: ni wakati wa mitihani yetu ya UACE. Kwa hivyo video zangu zitanaswa mwezi wa Septemba, kanisani, kwa simu ya Bruda, maana sisi wanafunzi hatuna ruhusa ya simu.

Nikipita huko kote, bado kuna fedha. Ada ya masomo ya Juilliard kwa mwaka mmoja imepita dola 50,000, na kabla mgeni hajapewa karatasi za kuombea viza lazima aonyeshe fedha za kumtosha. Chuo kinaweza kunikubali, nikashindwa kwenda kwa kukosa msaada. Ndiyo maana sikuacha vitabu, bali nimevirudia. Makerere wanafundisha muziki, dansi na drama tangu mwaka 1971, na huko nitahitaji pointi zangu za UACE. Na hata katika vyuo vya muziki mtupu mwanafunzi hasomi ala peke yake. Husoma nadharia na historia ya muziki, hufundishwa kusikia noti na kuziandika, na insha huandika kwa Kiingereza kile kile kilichonipatia 400. Mlango ule haukuuliza alama zangu, lakini chumba cha ndani kitaziuliza.

Basi, ndugu zangu wenye kipaji na alama ndogo, jibu la swali letu ni hili. Alama ndogo hazikufungii kila mlango, kwa kuwa vipo vyuo vinavyotaka kukusikia kuliko kukusoma. Kabla ya kuomba, uliza chuo chenyewe kinataka nini, usiulize bwenini kama nilivyofanya mimi, nikapoteza laki nne za Baba. Lakini usidhani kwamba mlango wa kusikilizwa ni mpana kuliko ule wa mtihani. Mtafute mtu mmoja asiyekupigia makofi, umpigie kitu cha polepole, halafu umsikilize.

Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, mkija siku yenu mwakani, tafadhalini msitupe noti za elfu tu. Mmoja wenu akae benchi la nyuma.

Mimi sijui kama nitaitwa. Leo asubuhi, kabla ya kuandika haya, nilikipiga kile kipande mara tatu. Mara ya tatu nilifika mwisho bila kuikata sentensi hata moja. Hapakuwa na mtu kanisani ila sista anayefagia, naye hakusema kitu. Aliendelea kufagia.